Nyumba ya mbao huharibikia mgongoni

Wateja wengi wanaokuja karakanani na picha ya nyumba iliyovalishwa mbao kwa nje huanza na swali la vanishi: ipi inadumu? Vanishi tutaifikia. Pesa yako kwanza iende nyuma ya mbao.

Mbao ikigongelewa moja kwa moja kwenye lipu, maji ya masika yakishapenya kwenye viungo hayana pa kutokea. Uso unakaushwa na jua, mgongo unabaki na unyevu. Mbao inapinda, kuvu inaanza, mchwa nao hawako mbali. Ndiyo maana tunapiga kwanza papi za wima zinazoacha nafasi ya milimita 25 hadi 40, ndipo mbao za kulala zinafuata. Chini na juu tunaacha wazi na kuweka wavu wa kuzuia panya. Hewa inaingia chini, inapata joto, inapanda na kutokea juu. Kwa hiyo nafasi inayokausha mbao inapunguza pia joto linalofika kwenye tofali, na feni inapata nafuu. Mbao ya mwisho chini iache sentimita 15 kutoka ardhini. Kama uwanja ni wa udongo, weka 20, maana mvua hurusha tope.

Misumari ya kawaida hatutumii. Mtiki una tanini, kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu, chini ya kila msumari unashuka mchirizi mweusi kama wanja uliolowa machozi. Skrubu za chuma cha pua kisichoshika kutu ni ghali, ndiyo. Zilipie.

Mvule na mninga ni mbao nzuri, ila hukua polepole, na hatuoni sababu ya kuzimalizia ukutani wakati kuna mashamba ya miti ya kupandwa: mtiki wa Longuza kule Muheza, misindano ya Sao Hill kule Mufindi. Ukinunua mtiki, tazama rangi. Moyo wa kahawia ndio unaostahimili mchwa. Kingo nyeupe wanazila, hata muuzaji akiapa kuwa ni mti uleule. Msindano lazima utiwe dawa kwa mtambo wa presha. Ukijani unaoachwa na dawa peke yake si ushahidi, kwani mtu anaweza kuchovya mbao kwenye pipa la rangi. Omba ikatwe katikati mbele yako: kijani kikiishia kwenye ngozi, ondoka. Na mabaki yake usipikie kabisa, dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu.

Haya, vanishi. Kwa jua letu hupasuka na kubanduka, kisha uanze kukwangua ukuta mzima. Sisi tunapaka mafuta ya mbao, ambayo hurudiwa juu kwa juu. Usipotaka hata hayo, acha mbao igeuke kijivu. Kijivu si kuoza.

Paa lisisahaulike. La mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 inakupa karibu lita 1,000, kwa hiyo mfereji na tangi viwe kwenye ramani tangu mwanzo.

Bajeti ikibana, valisha ukuta wa magharibi tu. Kaskazini na kusini upenu mpana unatosha, jua likiwa juu. Alasiri hushuka likapita chini ya upenu na kupiga ukuta wa magharibi hadi linapozama.