Semina zimetosha, tuacheni tuulizane wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili la semina za kazini. Kitu kikikwama tu, iwe ripoti kuchelewa au watu kugombania zamu, anaitwa mtaalamu kutoka nje, anakuja na projekta, tunakaa siku nzima, tunapewa cheti, na Jumatatu tatizo tunalikuta palepale. Na wanaolijua hilo tatizo vizuri wamekaa meza ya jirani, hakuna aliyewauliza.

Uingereza miaka ya 1940 kuna bwana anaitwa Reg Revans, mwanafizikia aliyehamia kwenye mafunzo ya migodi ya makaa ya mawe, yeye aliwakutanisha mameneja wa migodi wao kwa wao, vikundi vidogo, kila mtu aje na tatizo lake la kweli wenzake wamuulize maswali. Maswali kwanza jamani siyo ushauri, na hapo ndo wengi tunachemka, mtu hajamaliza kueleza tushamkatiza "mi ningekuwa wewe ningefanya hivi".

Kazini kwetu tumejaribu, watu sita wa idara tofauti. Dada wa stoo akasema ripoti zake zinachelewa na kila mwezi anagombezwa yeye. Tukamuuliza karatasi zinatoka kwa nani, zinakufikia lini, zinakaa wapi katikati? Akafikiria weee, akasema zinasubiri saini. Ya nani? Ya mtu ambaye hata hazisomi! Akaenda kuomba hiyo saini iondolewe, na kikao kilichofuata akaja kutueleza amejibiwa nini. Hiyo ya kurudi kutoa majibu msiiache kabisa, bila hiyo kinakuwa kijiwe cha kulalamika tu.

Mabosi wasikae humo, hata wale wazuri, maana nani atasema "hapa nimekwama" mbele ya mtu anayempandisha cheo? Bosi atoe muda, ndani ya saa za kazi siyo jioni watu wamechoka, na ombi likimfikia alijibu, hata kama ni hapana basi aseme kwa nini. Na yaliyosemwa na mtu kwenye kikundi yasitoke nje bila ruhusa yake, likivuja moja tu hamtamsikia tena akifungua mdomo.

Ila wasije wakatutupia na mishahara humo. Mshahara mdogo hauna cha kuulizana, hilo ni la chama cha wafanyakazi na mwajiri wakae mezani.

Msomaji wako, mfanyakazi