Kaka, ile namba sitaisema hata leo

Kaka,

Jana umerudisha tena muamala. Nimetuma laki mbili ya kukulipa deni asubuhi kabla sijatoka Sinza, saa sita mchana imerudi, na safari hii umeweka na ya kutolea juu kabisa kama vile mimi ndo ninayekudai. Nimekaa naangalia ile meseji kwenye simu mpaka dogo wa IT akaniuliza dada kuna tatizo. Nikamwambia hamna.

WhatsApp umenifungia, simu hupokei, shemeji nikimpigia anasema umelala hata kama ni saa kumi jioni. Kwaiyo naandika hapa mtandaoni, nikujibu hilo unalosema kwamba mimi ndo nilikupotezea hela kwenye ule ugomvi wako. Najua kuna mtu atakusomea, ukoo wetu haujawahi kukosa mtu wa kusoma.

Mimi sijasahau ulichonifanyia, naomba uelewe hilo kwanza. Wewe ndo ulibeba tranka langu begani mpaka Ubungo nilipokuwa naenda fomu five, wewe ulilipa ada ya Shule ya Sheria pale Sam Nujoma wakati baba mdogo anasema msichana akimaliza digrii inatosha. Na nilipokuja na hili wazo la kusuluhisha watu kwa simu, kila mtu aliniona nimechanganyikiwa, wewe ukauza kile kiwanja cha Chanika ukanipa milioni 12 mkononi, hukuandika hata karatasi. Ulisema tu, fanya, ila usinitie aibu. Hilo neno la aibu nimetembea nalo miaka minne sasa.

Unakumbuka nilivyokueleza siku ile pale kwa Mama, tumekaa kwenye mkeka? Nilikuambia Wamarekani walianza mwaka 1999, profesa mmoja anaitwa Ethan Katsh wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake waliwachukua wanunuzi na wauzaji wa eBay waliogombana, mtu yuko mji huu mwenzake yuko mji ule, wakawapatanisha kwa barua pepe. Baadae eBay wakajenga mfumo wao wenyewe mpaka ukafikia kumaliza migogoro milioni 60 kwa mwaka, na mingi haikuguswa na binadamu. Yule Colin Rule aliyekuwa anauongoza akatoka akaanzisha kampuni yake Modria mwaka 2011. Nikakwambia Katsh ana msemo wake, kwenye kikao cha ugomvi kuna wawili wanaogombana, kuna mpatanishi ambaye ni wa tatu, na teknolojia ndo mtu wa nne. Ukacheka, ukasema huyo wa nne hali wala hanywi, ndo maana atafaa.

Mama alikuwa anachambua mchele pembeni. Akasema mbona hiyo kazi naifanya mimi.

Na kweli alikuwa anaifanya. Kaka tukigombana alikuwa anaita mmoja mmoja jikoni, anafunga mlango, anakusikiliza mpaka unamaliza, alafu anamwita mwingine. Hakuna siku alitoka na neno la mmoja akampelekea mwenzake. Hata kwenye mchezo wao alivyokuwa kijumbe miaka yote ile, alijua nani anachelewesha, nani amekopa kwa ajili ya kulipa, nani mume wake kachukua hela, na hakuna mwanamke hata mmoja mtaani aliyewahi kusikia ya mwenzake kupitia mdomo wake. Ndo maana walimwachia hela. Mimi nilichofanya ni kuuchukua ule mlango wa jikoni nikauweka kwenye simu, basi. Yote mengine, usajili wa kampuni kule BRELA, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayotambua sahihi ya kwenye simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wapatanishi wenye ithibati, hayo ni bawaba na misumari ya ule mlango.

Sasa tuje kwenye usiku ule.

Ya kwako nitayasema kwa sababu umeshayasema mwenyewe mbele za watu. Ya yule bwana wa Fuso iliyobeba mzigo wako sitayasema.

Ulipakia marumaru kwenda Morogoro, zikafika katoni 62 zimepasuka, wewe unasema dereva alikimbiza gari kwenye matuta, yeye anasema mlipanga vibaya wenyewe. Ulidai 3,800,000. Ni wewe uliyemshawishi mwenzako muingie kwenye mfumo wetu, ulimwambia mdogo wangu ndo mwenye kampuni usiwe na wasiwasi, na mimi hapo hapo ningetakiwa niseme hii kesi siwezi kuishika kwa sababu ni ya kaka yangu. Sikusema. Nilimpa taarifa yule bwana kwa maandishi kwamba sisi ni ndugu, akajibu hana shida, nikaona inatosha. Kumbe haikutosha, lakini tulikuwa na wiki sita hatujapata kesi hata moja na mimi nilikuwa na njaa ya kesi, ukweli ndo huo.

Mlichagua njia ya namba za siri. Kwa wanaosoma wasiojua, ni hivi: kila mmoja anaandika kiasi anachoweza kukubali, mwenzake hakioni, na mpatanishi hakioni. Namba zikikutana au zikikaribiana ndani ya asilimia 10, mashine inagawa katikati na ugomvi umekwisha, mnasaini, huo ni mkataba kama mikataba mingine na mtu akikiuka unampeleka mahakamani nao. Zisipokaribiana hakuna anayejua mwenzake alisema ngapi, kwaiyo hakuna aliyejishusha mbele ya mwenzake, na mtu wa Kariakoo kitu anachokiogopa kuliko hasara ni kuonekana amejishusha. Raundi tatu. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu mwenzako akaandika jioni, wewe ulikuwa na muda mpaka kesho yake saa sita mchana.

Ukaja kwangu saa nne na nusu usiku, mvua inanyesha, viatu vimelowa chapachapa, na mfuko wa chipsi kuku. Laptopu ilikuwa mezani wazi. Nilikuwa ndani ya ukurasa wa admini kwa sababu mfumo ulikuwa umekwama mchana na nilikuwa nahakikisha namba zimeingia, maana wakati ule tulikuwa tunazihifadhi hivi hivi zinasomeka, hatukuwa na hela ya kufanya vizuri zaidi. Nikaifunga ile laptopu haraka mno. Ukaniangalia usoni.

Ukasema, umeiona.

Nikasema nimeiona.

Ukakaa. Hukukasirika, ningependa ungekasirika. Ulivua viatu ukaviweka pembeni ya mlango ukasema kwa sauti ya chini kabisa, mdogo wangu sitaki uniambie ni ngapi, niambie tu ni juu au chini ya mbili na nusu. Neno moja. Juu au chini. Nikaiona tranka begani kwako, nikakiona kiwanja cha Chanika, nakuapia kwa Mungu niliviona vyote pale sebuleni. Na mdomo ukafunguka nikasema, "Kaka kula chipsi zinapoa."

Hukula. Ulivaa vile viatu vimelowa ukatoka.

Asubuhi ukaandika 3,800,000 ile ile ya mwanzo, kwa hasira, na raundi ikafa. Ukaenda mahakama ya mwanzo, miezi saba, ukashinda kwa milioni moja na laki sita, na mpaka leo unahangaika kukaza hukumu kwa sababu gari limeshabadilishwa jina. Najua. Kila hatua niliijua, nilikuwa namuuliza shemeji.

Sasa nikushauri kitu kama mdogo wako na kama wakili, mzigo unaofuata andikishana na mwenye gari kabla ya kupakia, piga picha kila katoni, ukifika piga tena, tuma siku hiyo hiyo usisubiri. Kesi yako ilikuwa dhaifu pale, kaka, hukuwa na picha hata moja ya kabla, na ndo maana hakimu alikukata. Hilo nilikuambia siku ya kwanza na hukunisikiliza, ukasema tumekulia kwenye biashara hatufundishwi kupakia. Kwaiyo unaposema mimi ndo nilikupotezea hela naomba na hilo ulikumbuke. Ungeandika namba yako ya kweli asubuhi ile, namba uliyokuwa nayo moyoni kabla hujaja kwangu, ingekuwaje? Sikwambii. Hapa ndo pagumu kwangu, kila nikitaka kujitetea zaidi nakuta utetezi wangu uko kwenye ile namba, na ile namba sio yangu. Ni ya mtu aliyeandika akiamini hakuna atakayeiona. Sitaisema kwako, wala hapa, wala kwenye dua.

Najua utasema mbona ulimwona mgeni ana haki kuliko ndugu. Hapana. Ila fikiria angekuja yeye na chipsi. Fikiria ana dada yake pale ofisini kwetu.

Ninachoshindwa kusamehe sio ule usiku. Ni arobaini ya Mama.

Watu wamekaa chini ya turubai, ubwabwa umeshapakuliwa, khitma imekwisha, wazee wanauliza mambo ya nyumba, na wewe ukasimama. Nilidhani utashukuru watu. Ukasema kwenye familia hii kuna mtu anafanya biashara ya ugomvi wa watu, na kaka yake akiwa anazama anamwambia kula chipsi. Kila mtu akacheka. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Wale wanawake wa mchezo wa Mama, waliomjua Mama kwa kufunga mdomo wake, na wao walicheka, kwa sababu hawakujua wanacheka nini. Nilikuwa nimeshika sinia la maji ya kunawa. Nimezunguka nalo mpaka mstari wa mwisho ukiwemo wewe, ukanawa, hukuniangalia.

Siku ile mimi na wewe tulikuwa tumetoka kumzika mtu mmoja, kaka. Siku 40 tu.

Alafu ukamwambia shemeji, na shemeji akaniambia, kwamba kitu chenyewe kitakufa tu, hata Wazungu kimewashinda. Umesoma mahali. Sawa, ni kweli, Waholanzi walikuwa na mtandao wao wa kusuluhisha unaitwa Rechtwijzer, watu walikuwa wanatalikiana humo wanagawana mpaka vyombo, dunia nzima ikawasifia na 2017 wakafunga kwa sababu haikupata watu wa kutosha kujiendesha. Umoja wa Ulaya walifungua mtandao wao wa kusuluhisha wanunuzi na wauzaji 2016 na Julai 2025 wameuzima, matumizi yalikuwa madogo mno. Hayo nayajua kuliko wewe, nimelala nayo. Lakini mbona hukusoma na British Columbia kule Kanada, baraza lao la kuamua migogoro linafanya kazi mtandaoni tangu 2016, limewekwa na sheria, ukishtakiwa humo huwezi kukaa kimya tu. Tofauti ndo iko hapo. Mashine haina tabu. Tabu ni kumleta yule mwingine mezani. Sisi hatuna sheria ya kumleta mtu, tunamleta kwa kumbembeleza, na mtu anabembelezeka akiamini kwamba siri yake haitatoka. Hatuna kingine cha kuuza. Tukikitoa hicho siku moja, hata kwa kaka, hata neno moja la juu au chini, tumebaki na tovuti tu.

Hapa kwetu unajua mwenyewe, tangu 2021 mabaraza ya kata yameondolewa kuamua kesi za ardhi yamebaki kusuluhisha, na kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu kesi ya madai kwa kawaida haisikilizwi kabla haijapitia usuluhishi, utaratibu huo upo tangu 1994. Kwaiyo nchi yenyewe inasema kaeni mzungumze kwanza. Mimi natafuta tu mahali pa kuzungumzia kwa mtu ambaye hawezi kufunga fremu siku nzima kwenda kukaa kwenye benchi.

Kuna kitu nilikikosea na nakiandika hapa wazi. Sikupaswa kuiona ile namba. Hilo ndo kosa langu, sio lile unalolisema. Kesho yake asubuhi, kabla hata wewe hujaandika yako, nilimwita dogo wa IT nikamwambia raundi yenu ikiisha tu simamisha kila kitu. Tulifunga mfumo wiki tatu, tukapoteza wateja wawili. Sasa namba ikiingia inafungwa pale pale, inafunguka zikiwa mbili kwa pamoja na mashine tu ndo inalinganisha, zisipokutana zinafutika. Mimi sioni, dogo haoni. Na kesi ya ndugu wa mtu yeyote wa ofisini hatuchukui. Ukija leo na mfuko wa chipsi nitakuambia sijui na nitakuwa sijui kweli. Tungekula.

Ile milioni 12 nitalipa. Mpaka sasa umesharudisha laki mbili mara tisa, ninazo kwenye akaunti ya peke yake, sijagusa. Sitaki kukulipa ili tusiwe na deni, nataka kukulipa kwa sababu shemeji ameniambia fremu imepanda kodi.

Nyumba ya Mama bati limetoboka upande wa jikoni, mvua za juzi zimeingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Fundi anataka laki moja na themanini na bati mbili. Leo nimetuma tena ile laki mbili. Kama huitaki mkononi kwako mpe fundi, ila usimamie wewe maana mimi atanipiga bei. Jumapili nitakuwepo kuanzia saa mbili, natoa vyombo nje. Ufunguo wa mlango wa jikoni unao wewe.