Risala ya Akina Mama Wauza Sadaka wa Hekalu la Dhari Devi kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Navaratri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mapandit (makuhani) wa hekalu, wazee wetu, mabibi na mabwana: namaste.

Tunakushukuru kwa kufika. Kadi ilisema saa nne, lakini nani asiyeyajua maporomoko ya barabara ya Kalyasaur?

Historia unaijua, tutaipitia mbiombio. Mafuriko ya mto Alaknanda, hapa kwetu Uttarakhand, India, yaliisomba sanamu ya Mama, yaani mungu wetu Dhari Devi, ikakwama mwambani. Wanakijiji wakasikia kilio, kisha sauti ikawaamuru waisimike papo hapo. Kwetu upo mwili wa juu, wa chini uko kwenye hekalu la Kalimath. Asubuhi Mama ana sura ya binti, mchana ya mtu mzima, jioni ya ajuza. Tarehe 16 Juni 2013 alihamishwa kupisha bwawa la umeme la megawati 330; saa chache baadaye mji wa hija wa Kedarnath ukafurika. Wataalamu wanataja mvua na ziwa la Chorabari lililopasuka, akina mama wanataja jingine, na leo si siku ya ubishi. Januari 2023 akaingia hekalu lake jipya.

Kikundi kimepiga hatua kubwa: tuna mfuko wa kukopeshana, mwavuli mkubwa, na tumekomesha kabisa ugomvi wa kugombea wateja, ukiacha ule wa juzi.

Changamoto ni nyingi. Tunataja moja: choo.

Tunafungua vibanda alfajiri, kabla ya mabasi ya mahujaji wa Char Dham, hija ya mahekalu manne ya milimani, na kufunga gizani. Anayebanwa huvuka barabara kuu akapanda vichakani, na msimu wa mvua mlima wenyewe hauaminiki. Wengine wetu hushinda bila kunywa maji, ilhali maji ya bwawa yametanda chini ya macho yetu. Mgeni mmoja aliyekalia kiti hicho aliahidi matundu manne kabla ya Diwali. Hakutaja ya mwaka gani, nasi kwa adabu hatukumuuliza. Aliyemfuata aliweka jiwe la msingi. Jiwe lipo, limepakwa rangi vizuri, mbuzi wanalipenda.

Mheshimiwa, kiwanja tumetenga, mchanga na mawe tutasomba wenyewe. Kilichotushinda ni saruji, mabati, bomba na ujira wa fundi. Jiwe la pili hatulihitaji. Tunaomba tarehe, hata iwe ya mbali. Katibu wetu ameshika kalamu, na mwaka pia ataandika.

Tunaomba kuwasilisha.