Saratani ya nyongo: tuandikieni na miezi

Mhariri,

Dada yangu mkubwa alianza kwa kuwashwa. Alijikuna usiku kucha hadi shuka zikaingia damu, na sisi tukawa tunabadilisha sabuni. Macho yakageuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama chokaa. Tukaambiwa ni ini, akapewa vidonge. Miezi miwili baadaye ndipo picha ya CT ikaonyesha uvimbe kwenye mirija ya nyongo, nao ulishasambaa.

Wiki hiyohiyo mpwa wangu akaja na kipande cha gazeti: mchanganyiko wa dawa tatu waleta matumaini makubwa. Hakikuwa na namba hata moja. Dada akakitia kwenye mkoba wake wa kliniki, nasi tukauza kiwanja cha Muheza.

Nimefundisha hesabu miaka 31, basi nikazitafuta namba mwenyewe. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 410 wa saratani hii waliogawanywa kwa kura: wengine walipewa dawa ya saratani iitwayo jemsitabini peke yake, wengine jemsitabini na sisplatini. Waliotumia moja waliishi miezi 8.1, waliotumia mbili 11.7. Mwaka 2022 yakaja matokeo ya dawa ya tatu, durvalumabu, inayoisaidia kinga ya mwili kupambana na uvimbe. Wagonjwa walikuwa 685, wote wakipata zile mbili za mwanzo. Miezi ikapanda kutoka 11.5 kwa wasioongezewa ya tatu hadi 12.8 kwa walioongezewa. Nyongeza ni siku kama arobaini tu, Mhariri.

Ila nikiishia hapo nitakuwa nami nimepotosha. Miezi hiyo ni ya mgonjwa wa katikati. Darasani nilikuwa nawapanga watoto kwa kimo, namtoa wa katikati, nawauliza: huyu anatuambia nini kuhusu yule mrefu wa mwisho? Hakuna. Katika jaribio hilo la pili, waliokadiriwa kuwa hai baada ya miaka miwili ni karibu robo ya waliopata dawa ya tatu, na kama mmoja kwa kumi ya wasioipata. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na gazeti liliiacha.

Dada alipata zile mbili: dripu siku ya kwanza na ya nane, wiki ya tatu anapumzika, kisha anaanza upya. Kuwashwa kulipungua, akarudi kusuka ukili barazani. Ya tatu tulipouliza bei, viwanja vitatu visingetosha. Alifariki mwezi wa tisa wa matibabu, na siulaumu mchanganyiko ule.

Ninachoomba kwa waandishi wa afya ni hiki. Mkituletea jaribio jingine, hata la saratani ya kongosho, andikeni walikuwa wagonjwa wangapi, dawa ililinganishwa na nini, waliishi miezi mingapi, nani alifika miaka miwili. Na bei, hasa bei, kabla mtu hajaita dalali.

Mwalimu mstaafu,
Tanga