Waachieni vijana washike spana: barua kwa mafundi wakuu wa Kigoma

Mwakeye wadogo zangu na wanangu mnaosimamia gereji za mjini, Ujiji na pale Kibirizi kwenye boti. Mimi mzee wenu nilishastaafu mambo ya dizeli, mikono inatetemeka ila nikipita kwenu naona kitu kinaniuma kwakweli, kijana yuko mwaka wa pili hapo kazi yake kushika tochi na kuleta spana, "kumi na nne, kumi na saba", akiuliza anaambiwa we angalia tu, na wale wa field wa VETA ndo kabisa, wanafagia alafu mwisho mnawasainia logibuku.

Kuangalia tu hakutoshi jamani. Fundi aliyenifundisha mimi, siku moja injini imegoma baada ya kuishiwa dizeli, akageuza ndoo akakaa, akasema niambie unaona nini kabla hujagusa. Nikamwambia imeingiza hewa. Haya, utaanzia wapi? Nikaanzia kwenye filta, nikalegeza skrubu nikapampu kwa mkono, povu likatoka likatoka mpaka dizeli ikaja safi, nikapiga stata, wapi. Yeye katulia tu, hajanyanyuka. Nikahangaika weee ndo nikakumbuka paipu za nozo, nikalegeza nati moja moja huku mwenzangu anapiga stata, ikakohoa, ikawaka. Yeye angemaliza dakika tano, mimi nilikula karibu saa zima, na mpaka leo hewa kwenye dizeli hainisumbui.

Najua mtasema mteja ana haraka. Sawa, basi hiyo ya haraka fanya mwenyewe. Na sisemi muwatelekeze, injini ya boti itakayobeba abiria kesho kijana afunge alafu wewe pitia kila bolti kwa mkono wako kabla haijaingia ziwani.

Ila hili la kukata hela ya chakula kijana akiharibu, liacheni, nawaomba sana. Mimi nilishawahi kukata bolti ya pampu ya maji, na kwa vile pale tulikuwa tunakatwa hela nikaogopa nikaficha, nikapaka gundi nikanyamaza. Boti ikachemsha karibu na Mwamgongo, upepo unavuma, watu wakaelea na watoto wao mpaka jioni ndo wakavutwa na boti nyingine. Ningekuwa na mtu wa kumwambia nimevunja asingeelea mtu.

Alafu kazi yenyewe inabadilika. Liemba, ile meli ya ziwani kwetu Tanganyika, wote tunaijua, ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi safarini 1927 na mvuke wake uleule, miaka ya 1970 wakatoa mvuke wakaweka dizeli. Sasa fikiria fundi aliyekariri valvu za mvuke tu bila kujua kwanini inafunguka saa ile, siku ile anashika nini? Na hawa wenu wakiletewa injini zenye kompyuta itakuaje?

Kwa kuanzia, kila gereji niliyopita ina jenereta au mashine ya kusaga imelala uani, mwenyewe alishaikatia tamaa. Mpeni kijana mmoja hiyo, spana zote mkononi, aifungue mpaka chini, jioni kaeni naye akueleze kaona nini, na we usimkatishe mpaka amalize.

Mzee wenu, Ujiji.