Sekunde za kubadilisha magazini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Korogwe. Ninaishi Aurora, Colorado, na kazi yangu ni kuendesha lori kati ya hapa na majimbo ya jirani. Naomba nafasi niseme neno juu ya jambo ambalo sisi Waswahili wa Marekani tunalijadili harusini na misibani kana kwamba halituhusu: sheria za majimbo zinazoweka kikomo cha risasi katika magazini moja.

Majuzi nilikuwa Cheyenne, Wyoming, na kijana mmoja wa kwetu, dereva kama mimi. Akaniomba tupitie duka la silaha anunue magazini ya risasi 30 kwa ajili ya bunduki yake iliyoko nyumbani Denver, huku Colorado. "Kaka, si unaona wanauza wazi?" Kweli wanauza, maana Wyoming haina kikomo; Colorado inacho. Lakini kutoka Cheyenne hadi Denver ni kama kilomita 160, na mpakani hakuna geti wala askari wa kumwambia kwamba alichonunua kihalali asubuhi kitakuwa kosa la jinai kabla ya adhuhuri. Nikamzuia. Tulibishana hadi chai ikapoa. "Mhalifu hafuati sheria," aliniambia, "sasa sheria hiyo inamzuia nani?" Barua hii ni jibu langu kwake, na kwa wengi wanaosema kama yeye.

Magazini, kwa asiyeijua, ni kile kisanduku cha bati au plastiki kinachochomekwa kwenye bunduki au bastola, risasi zikiwa zimepangwa juu ya springi. Zikiisha, mpigaji hana budi kuichomoa na kuchomeka nyingine. Aliyezoea hutumia sekunde chache tu. Mwenye mikono inayotetemeka hukawia zaidi. Ubishi wote wa sheria hizi uko ndani ya sekunde hizo.

Tarehe 8 Januari 2011, huko Tucson, Arizona, mbunge Gabrielle Giffords alikuwa akikutana na wananchi nje ya duka. Akatokea kijana mwenye bastola aina ya Glock yenye magazini ya risasi 33, akawamiminia watu. Sita walikufa, 13 wakajeruhiwa, Giffords mwenyewe akiwa na risasi ya kichwa. Kilichomkomesha muuaji ni kwamba risasi zilimwishia. Alipokuwa anahangaika kuweka magazini ya pili, wananchi wakamrukia, na mama mmoja wa miaka 61 akainyakua ile magazini. Hakuwa askari, wala hakuwa na silaha. Alipata nafasi ndogo tu, akaitumia.

Miaka miwili baadaye, mumewe Giffords, Mark Kelly, aliiambia kamati ya Seneti kwamba risasi ya kwanza ndiyo iliyompata mkewe, na risasi ya 13 ndiyo iliyompata mtoto wa kike wa miaka 9, aliyefariki. Hiyo 13 imenikaa kichwani. Chini ya kikomo cha risasi 10, kama kile cha California, New York au New Jersey, risasi hiyo isingekuwamo kwenye magazini ya kwanza. Chini ya kikomo chetu cha Colorado, ambacho ni 15, ingekuwamo. Siwezi kuitetea sheria yetu nikaficha hilo. Kwa maoni yangu 15 bado ni nyingi mno. Na nasema hivyo nikiwa mmiliki wa silaha: nina Glock 19, ambayo magazini yake ya kawaida hubeba risasi 15 kamili, naifungia ndani ya kasha nyumbani. Jimbo likishusha kikomo hadi 10, nitatafuta magazini ndogo na maisha yataendelea.

Sheria yetu ilizaliwa hapa hapa Aurora. Usiku wa tarehe 20 Julai 2012 mtu aliingia kwenye jumba la sinema akiwa na bunduki iliyofungwa magazini ya duara, ile wanayoiita ngoma, ya risasi 100. Aliua watu 12 na kujeruhi 70. Wangekufa wengi zaidi kama ngoma ile isingekwama. Karibu na ofisi za manispaa kuna bustani ya kumbukumbu yenye sanamu 83 za ndege aitwaye korongo: 70 kwa waliojeruhiwa na 13 kwa waliokufa, wakimhesabu na mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Nikiwa na mapumziko hupita pale.

Mwaka uliofuata Gavana John Hickenlooper alitia saini sheria ya risasi 15, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2013. Gharama yake ya kisiasa haikuwa ndogo. Mwezi Septemba mwaka huo huo, maseneta wawili wa jimbo walioiunga mkono, John Morse na Angela Giron, waliondolewa na wapiga kura wao kabla ya muda kuisha. Sheria ikabaki. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Colorado ikaithibitisha.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Nakubali, wapo wanaoivunja. Machi 2021 mtu aliua watu 10 dukani Boulder, humu humu Colorado, na mahakama ilipomtia hatiani mwaka 2024, pamoja na mauaji ilimkuta na hatia ya kumiliki magazini zilizokatazwa. Alizipataje katika jimbo lenye kikomo? Hapo ndipo penye donda. Sheria ya 2013 iliwaachia watu magazini kubwa walizokuwa nazo tayari, na ni vigumu mno kuthibitisha kwamba kipande cha plastiki kilinunuliwa kabla au baada ya Julai ile. Waandishi wa habari wa hapa walikwishaonyesha maduka yakiziuza vipande vipande, mnunuzi akaziunge mwenyewe nyumbani. Na Wyoming iko pale pale. Kwangu mimi hizi ni sababu za kuziba matundu, si za kubomoa ukuta. Mwaka 2025 jimbo liliongeza adhabu ya kumiliki magazini hizo, na nafurahi.

Kuna wanaosema polisi wakiwahi, ukubwa wa magazini haujalishi. Tazameni Dayton, Ohio, Agosti 2019. Polisi walikuwa mita chache tu, wakamuua mshambuliaji ndani ya takribani nusu dakika. Lakini alikuwa na ngoma ya risasi 100, na katika nusu dakika hiyo alikwishafyatua risasi zaidi ya 40 na kuua watu 9. Polisi gani wangewahi kuliko wale?

Kuhusu Katiba sitasema mengi, kwa kuwa wanasheria wapo. Wanaopinga wanaegemea Marekebisho ya Pili, kifungu cha Katiba kinacholinda haki ya kumiliki silaha, na kesi zao si za mzaha. California imekuwa mahakamani tangu 2017. Lakini Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliridhia kikomo chake cha risasi 10, na Juni mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza kesi ya kupinga kikomo cha Rhode Island.

Madereva wenzangu, nina ombi mahususi kwenu. Kabla ya safari, angalieni mlichobeba kwenye kebini. Magazini halali ya Wyoming ni kosa Colorado, na hata yetu ya 15 inaweza kumponza mtu California au New Jersey, ambako kuwa nayo tu ni kosa. Mwenye karatasi za uhamiaji ambazo hazijakamilika ana zaidi ya faini ya kuhofia. Na ninyi mliokwisha kuwa raia, muulizeni mgombea wa baraza la jimbo anayekuja kuomba kura atafanya nini na hivyo vipande vinavyouzwa.

Yule kijana aliiacha magazini dukani siku ile, ingawa hakukubaliana nami. Jumapili asubuhi nitampitia, twende tukawaone wale korongo.

Dereva wa lori,
Aurora, Colorado