Shukrani kwa mama wa San Antón

Mama, jina lako sikulijua, na Kihispania changu kiliishia kwenye salamu. Nilitoka Hornillos alfajiri, malengelenge miguuni, nikiwahi kitanda Castrojeriz kama karibu kila hujaji niliyekutana naye siku ile kwenye njia ya Santiago, ile njia ndefu ya mahujaji Wakristo wanaotembea kwa miguu huko Uhispania hadi mji wa Santiago. Ukaniona ninavyochechemea chini ya lile tao la mawe ambalo barabara inapita katikati yake, ukanishika mkono.

Sikujua kwamba ndani ya magofu yale ya monasteri ya San Antón kuna hosteli. Vitanda vichache, umeme hakuna, na bei hakuna: mtu anaacha alichojaliwa. Ulinikalisha, ukaleta beseni la maji ya chumvi, ukanifunga vidonda taratibu, kidole kimoja kimoja. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako nilipona mimi mgeni. Usiku tulikula kwa mishumaa, watu saba tu, kisha nikakaa ndani ya kanisa lisilo na paa nikitazama nyota. Sikuwahi kulala vizuri vile safari nzima.

Wiki tatu baadaye nilifika Santiago kwa miguu ileile. Asante sana, mama. Asante.